Mwanangu, umeuliza kazi hii inajifunziwa wapi

Kibosho, Jumapili jioni

Marahaba, mwanangu.

Ujumbe wako niliusoma Alhamisi nikiwa kwenye migomba, nikausoma tena usiku. Unasema umekabidhiwa idara tangu mwanzo wa mwezi. Barua ya uteuzi ina aya mbili na orodha ndefu ya majukumu, na aliyekutangulia amekuachia ufunguo, kabati la mafaili na neno moja tu: "Utazoea." Kisha ukauliza: "Mama, kazi hii inajifunziwa wapi? Na hawa wahadhiri vijana waliokwama nitawasaidiaje, wakati mimi mwenyewe sijui pa kuanzia?" Ningekupigia simu, lakini kwenye simu tungeishia kwa wajukuu na bei ya kahawa. Nimeona bora nikae niandike.

Mimi nami sikufundishwa. Mwalimu wa shule ya msingi hapa kijijini amepita chuo cha ualimu, amefanya mazoezi ya kufundisha huku mkufunzi wake ameketi nyuma ya darasa na daftari. Sisi wa chuo kikuu tulichukuliwa kwa alama. Hata leo, katika vyuo vya umma, kijana mwenye wastani wa 3.8 katika shahada ya kwanza anaweza kuomba ukufunzi msaidizi, na muhula ukianza anajikuta mbele ya ukumbi uliojaa. Alama zile zinaonyesha kwamba anajua kusoma. Kama anajua kufundisha, hakuna aliyewahi kumuuliza. Akijitahidi akafundisha vizuri, akaandika makala, akapanda cheo, tunampa idara, ambayo ni kazi nyingine kabisa, na hapo tena hakuna anayemuuliza kitu. Kwa hiyo usijione umepungukiwa. Umepita njia ileile tuliyopita wote, nami naamini njia hiyo ina kasoro.

Sasa nikueleze jambo ambalo sijawahi kukueleza, kwa sababu kila ninaposikia neno "idara" ndilo linalonijia kwanza.

Nilipoongoza idara kwa mara ya kwanza, nilikuwa na mkufunzi msaidizi mmoja, kijana wa Rombo, mpole, mwenye akili nyepesi kuelewa mambo. Mhadhiri akienda masomoni, kozi zake nilimpa yeye. Mwingine akiugua, nilimpa yeye. Semina za mwaka wa kwanza, usimamizi wa mitihani, wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, vyote alivibeba. Muhula mmoja alikuwa na kozi tano, na hakulalamika hata mara moja. Nilimsifu kwenye vikao. Niliamini kwa dhati kwamba kumwamini na kazi ndiko kumlea.

Ilipofika miaka mitatu, aliniletea fomu ya ufadhili wa shahada ya uzamili. Nikamwambia asubiri mwaka mmoja, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kushika kozi zake. Mwaka uliofuata ufadhili ule haukutangazwa tena. Wenzake walioajiriwa naye vyuo vingine wakarudi na uzamili, wakaanza uzamivu. Yeye akabaki palepale, na chuo, kwa mujibu wa taratibu zake, kikaanza kumwandikia barua za kumuuliza kwa nini hajajiendeleza. Barua hizo zilipita mezani kwangu, nami nikazisaini. Aliondoka bila ugomvi, akaenda kufanya kazi isiyohusiana na alichosomea. Siku ya kuaga alinishukuru kwa malezi. Nimestaafu, na neno lile bado linaniuma.

Nakuambia haya kwa sababu kijana kama yule huwezi kumwona kwa urahisi. Anayelalamika unamwona. Anayechelewa kuleta matokeo unamwona, maana ofisi ya mitihani itakupigia simu. Anayebeba kila kitu kimya humwoni mpaka ameshazama.

Basi pa kuanzia ni ratiba. Kabla ya semina elekezi, kabla ya mpango mkakati, chukua karatasi uandike kila mtu wa idara yako ana kozi ngapi, wanafunzi wangapi, vipindi vingapi kwa wiki, miradi ya utafiti mingapi anasimamia, yumo kwenye kamati zipi. Usiishie kwenye idadi ya kozi, kwa sababu kozi ya wanafunzi 20 wa uzamili na kozi ya wanafunzi 300 wa mwaka wa kwanza zinahesabiwa kila moja kama kozi moja, ilhali karatasi za kusahihisha ni kama usiku na mchana. Ukimaliza, weka jedwali hilo mbele ya kikao kizima. Usiwafokee wala usimnyooshee mtu kidole. Watu wazima wakijiona kwenye jedwali moja na wenzao, mazungumzo hubadilika.

Utakumbuka mfongo, ule mfereji wa maji unaopita nyuma ya kihamba chetu, shamba letu la nyumbani, na mzee aliyekuwa akiusimamia ulipokuwa mdogo. Maji hayakuwa yake. Kazi yake ilikuwa kujua leo ni zamu ya nani, nani amekosa wiki mbili, na kuita watu kwenye msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, tope likijaa. Walio juu siku zote huona maji yanatosha. Katika idara walio juu ni sisi wakongwe, tunaoshika kozi tulizozifundisha miaka ishirini kwa maandishi yaleyale, na vijana wa chini wanapata tope. Mwambie mkongwe mmoja kwa heshima, faragha, ukimwamkia kwanza: "Profesa, naomba muhula huu utusaidie mwaka wa kwanza." Wengine watakataa. Lakini wapo watakaofurahi, kwa sababu hakuna aliyewaomba kitu miaka mingi, na wanafunzi wapya watafaidika kukutana mapema na mtu anayelijua somo mpaka mizizi.

Jambo la pili ni masomo ya vijana, na hapa uwe mkali. Ukufunzi msaidizi ni nafasi ya kujifunzia. Aliyeajiriwa humo anatarajiwa apate uzamili, kisha uzamivu, kisha aandike na kupanda: mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, profesa. Hesabu uzamili wa miaka miwili, uzamivu wa mitatu au minne, na miaka ya kungoja kati ya cheo na cheo. Kumpata mhadhiri mwandamizi mmoja ni kazi ya zaidi ya miaka kumi. Angalia Chuo cha Ushirika hapo mjini Moshi: kilianza mwaka 1963, mwaka 2004 kikawa chuo kikuu kishiriki chini ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mwaka 2014 kikawa chuo kikuu kamili. Hadhi ya chuo hubadilika siku hati inapotoka. Mwalimu wa kufundisha uzamivu hawezi kupatikana siku hiyo, lazima awe ameanza kuandaliwa miaka mingi nyuma.

Siku hizi fedha zipo kuliko zamani zetu. Ule mradi wa serikali wa kuendeleza elimu ya juu, HEET, wa mkopo wa dola milioni 425 wa Benki ya Dunia uliosainiwa mwaka 2021, haukuwa wa majengo peke yake; umegharamia pia masomo ya wahadhiri wa vyuo vya umma. Lakini fedha ikishapatikana bado kuna swali moja linaloletwa kwako: nani atashika kozi zake akiondoka? Jibu hilo uwe nalo mapema. Andika majina ya vijana wote na mwaka ambao kila mmoja ataondoka, wote wajue, na anayebaki leo ajue lini ni zamu yake. Ikama, yaani idadi ya watumishi, ikiwa ndogo, punguza kozi za hiari kwa muhula mmoja. Mwanafunzi akikosa kozi moja ya hiari hataumia sana. Kijana akikosa nafasi yake ya kwenda masomoni, umeona nilichokueleza.

Kuhusu ufundishaji wenyewe, ingia darasani mwao. Waombe kwanza, keti nyuma, na baadaye mketi wawili tu mwongee kile ulichokiona. Ila kabla ya hapo waalike waje darasani kwako, tena siku ya mada inayokusumbua. Wakikuona unababaika na ukauliza maoni yao, mlango utakuwa umefunguka. Na makala ambayo jarida limeikataa isifichwe kwenye droo. Isomwe na wawili watatu wa idara, pamoja na maoni ya wataalamu walioipima kwa niaba ya jarida. Mimi makala yangu ya kwanza ilikataliwa mara mbili, na aliyeniokoa ni mwalimu mmoja aliyeketi nami jioni tatu mfululizo akifuta sentensi zangu kwa penseli. Hakuna aliyempangia kazi hiyo.

Sasa wewe mwenyewe. Umeuliza inajifunziwa wapi. Marekani, tangu mwaka 1965, kuna mpango wa American Council on Education, baraza la vyuo vya huko, ambapo mhadhiri au kiongozi wa chuo huenda chuo kingine, akakaa karibu na rais wa chuo hicho, akiona jinsi bajeti inavyokatwa na kikao kigumu kinavyoendeshwa. Naupenda mpango huo kwa sababu mtu hujifunza kwa kukaa jirani na mwenye kazi. Wewe huna haja ya kuvuka bahari. Kutoka Arusha mpaka Moshi ni kama kilomita 80. Mtafute mkuu wa idara mwenye uzoefu, wa chuo kingine ili usiwe na cha kuficha, umwombe uketi kwenye kikao chake kimoja cha bodi ya mitihani na kimoja cha bajeti. Baadaye mnywe chai, umuulize jambo lililomkosesha usingizi mwaka huu. Utajifunza mengi kuliko kwenye semina ya siku tano hotelini.

Na anza sasa hivi kumwandaa atakayekupokea. Ukisafiri, usimwachie ukaimu mtu yuleyule kila mara. Leo mpe huyu, mwezi ujao mpe yule, na ukimpa mpe kweli: asaini, aongoze kikao, ajibu barua ya amidi. Akikosea, usimkosoe mbele ya watu. Weka daftari moja la idara ukiandika kila uamuzi na sababu yake, maana mihtasari ya vikao huandika kilichoamuliwa na mara nyingi huacha kwa nini. Siku ya kukabidhi, yule anayeingia asipokee ufunguo na neno "utazoea".

Utafiti wako pia usiuache. Chagua asubuhi moja ya wiki, mlango ufungwe, katibu muhtasi ajue, na usione aibu. Nimewaona wakuu wa idara waliotoka madarakani wakiwa hawana hata rasimu moja ya makala, wakabaki wachungu kwa vijana wanaochapisha. Sitaki uchungu huo ukukute.

Najua nimeandika mengi. Mengine tutayaongea uso kwa uso, hasa habari ya yule mhadhiri uliyesema hajaleta matokeo ya mihula miwili. Usimwandikie barua kabla hujaenda kumwona nyumbani kwake. Huenda kuna jambo.

Jumamosi ijayo njoo. Ukipanda gari la saa moja asubuhi utakuwa hapa kabla ya saa nne. Baba yako amesema atachoma ndizi. Uje na ile ratiba ya muhula, yenye majina na idadi ya wanafunzi, na penseli. Tutaiweka mezani tumtafute huyo asiyelalamika.

Mama yako