Nimeshindwa kumaliza ahadi ya ujenzi wa kanisa. Je, nimejiletea laana?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mwanakwaya katika usharika mmoja mkoani Iringa. Mwaka jana, siku ya harambee ya ujenzi wa kanisa, nilisimama mbele ya washarika nikaahidi shilingi 600,000, yaani 50,000 kila mwezi kwa mwaka mzima. Nilitoa kwa miezi minne, kisha mama yangu akapatwa na kiharusi, na fedha yote ikawa ya dawa na nauli ya kumpeleka kliniki. Majina ya wenye madeni ya ahadi yaliposomwa ibadani, nami nikiwemo, niliona aibu, na sasa ni miezi mitatu sijakanyaga kanisani wala kwenye mazoezi ya kwaya. Rafiki yangu ananiambia kwamba nadhiri isiyoondolewa, yaani isiyotimizwa, huleta laana, na kwamba ni heri nikope nimalize. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu yangu, pole kwa kuuguza. Nianze na lile ambalo pengine hukutaka kulisikia: uliahidi, na Maandiko hayaichukulii ahadi kwa wepesi. Mhubiri 5:5 inasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe, na Zaburi ya 15, inapouliza ni nani atakayekaa katika hema ya Bwana, inamtaja mtu ambaye “ingawa ameapa kwa hasara yake, hayabadili maneno yake.” Kwa hiyo sitakuambia kwamba ile ahadi ilikuwa maneno tu, ingawa wapo watakaokwambia hivyo ili kukufariji.

Hata hivyo, rafiki yako amesoma nusu. Fungua Walawi 27, sura inayoeleza namna nadhiri ya mtu ilivyothaminiwa kwa fedha: mwanamume wa umri kati ya miaka 20 na 60 alihesabiwa shekeli 50, mwanamke shekeli 30, na kadhalika. Baada ya viwango hivyo, aya ya 8 inamgeukia mtu aliyeweka nadhiri kisha akawa maskini kiasi cha kushindwa kulipa. Huyo aliletwa mbele ya kuhani, na kuhani akamkadiria upya kwa kadiri ya uwezo wake. Nadhiri yake haikufutwa, lakini pia hakuambiwa akaazime shekeli kwa jirani. Alitakiwa kufika, hali yake ionekane, na kiwango kipangwe upya na mtu mwenye mamlaka hayo. Hapo ndipo ninapoona kosa lako, ndugu yangu. Kuanguka kwa mama yako si kosa la mtu yeyote, na kupungukiwa fedha si dhambi. Lakini miezi mitatu ya kimya imewafanya viongozi wako wakuhesabu miongoni mwa walioamua kutotoa, nao hawana njia ya kujua vinginevyo.

Jambo kama hilo liliwapata Wakorintho. Walikuwa wa kwanza kuonyesha nia ya kuwachangia watakatifu wa Yerusalemu, tena Paulo alijisifia utayari wao kwa Wamakedonia, lakini mwaka ukapita mchango haujakamilika. Katika 2 Wakorintho 8 anawataka wamalize walichokianza, hawaachii. Ila anaongeza kipimo kwamba nia ikiwapo, mtu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo, si kwa kadiri ya asivyo navyo. (Wazee wa kanisa wanaosoma safu hii nao waitazame sura ya 9, ambamo Paulo anawatuma ndugu watangulie kuwaandaa Wakorintho, ili wasije wakaaibika mbele ya wageni. Kabla ya kulisoma jina la mtu madhabahuni, ingefaa kwanza mtu akabishe hodi kwake.)

Kuhusu mama yako, usijilaumu hata kidogo. Katika Marko 7 Yesu anawakemea waliotumia neno Korbani, yaani wakfu kwa Mungu, kama kisingizio cha kuwanyima wazazi wao msaada. Fedha ya dawa ya mama usiihesabu kama fedha uliyoiibia kanisa.

Kukopa nakukataza. Hasa ile mikopo ya haraka ambayo watu wameipa jina la kausha damu: utamaliza deni la ujenzi, kisha utaanza kumkimbia mkopeshaji kama unavyowakimbia wazee wa kanisa sasa, na mama atakosa dawa.

Limebaki la kwaya, ambalo kwenye barua umeligusa kwa maneno machache tu, na mimi naliona zito. Kuimba nako uliahidi, na ahadi hiyo haikuhitaji shilingi. Kalebu anasifiwa katika Yoshua 14 kwa kumfuata Bwana kwa utimilifu. Alikuwa na miaka 40 alipotumwa na Musa kuipeleleza nchi ya Kanaani, na 85 alipoudai mlima wake wa Hebroni. Sehemu kubwa ya miaka hiyo ilipita jangwani kwa sababu ya woga wa watu wengine, wala hatusomi kwamba alijitenga na kambi kwa kuwa mambo yamechelewa. Kama kuna jioni ambazo ndugu yako mwingine anaweza kukaa na mama, rudi mazoezini.

Wiki hii, kabla ya Jumapili, mwone mchungaji pamoja na mhazini, ukiwa na stakabadhi zako nne. Waeleze hali ya mama, taja kiasi unachoweza bila kumpunguzia dozi, hata kama ni 5,000 kwa mwezi, na uombe kiandikwe upya mbele yenu nyote. Ukiona kwa sasa huwezi chochote, sema hivyo hivyo, na mpange mwezi wa kukutana tena.