Kutafakari Ukiwa na Watoto, Kazi na Simu Isiyonyamaza

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Amelipia programu ya kutafakari ya mwaka mzima. Kila asubuhi anaketi, anaisikiliza ile sauti laini ikimwongoza avute pumzi, kisha anasimama, na kabla hajafika jikoni ameshawafokea watoto. "Nadhani sifai kuwa Mbuddha," akaandika.

Dada yangu, kauli hiyo naijua. Mimi niliambiwa na mtu mwingine, tena mbele za watu.

Nilipoanza kufuata mafundisho ya Buddha nilijiunga na kikundi kimoja. Siku moja nilichelewa kwa sababu mtoto alikuwa na homa. Mwongozaji akanitazama, akasema mwenye familia na ajira atosheke na kutoa sadaka, kutafakari kwenyewe awaachie watawa. Watu wakacheka, nami nikacheka nao. Miaka imepita, lakini nikikikumbuka kicheko kile masikio bado yanapata moto.

Basi nikaamua kumwonyesha. Nikaenda kozi ya siku 10 ya vipassana, yaani kutafakari kwa kuangalia hisia za mwili jinsi zilivyo, ile aliyoieneza mwalimu S. N. Goenka kuanzia mwaka 1969. Kengele ya kuamka inalia saa 10 alfajiri. Huongei, husomi, huandiki, na simu unaikabidhi mapema. Siku tatu za kwanza kazi yako ni kuangalia pumzi inavyoingia na kutoka puani, basi. Siku ya nne unahamia kwenye hisia za mwili mzima. Habari za magoti tuziache. Nilitoka mwepesi, nimejaa ushindi. Lakini nyumbani kuna vyombo vya kuosha, kuna ujumbe usiojibiwa, kuna watu wanaokuhitaji wote kwa wakati mmoja, na wepesi ule ukaondoka bila kuaga.

Kilichonituliza ni kisa cha zamani katika maandiko ya Kibuddha ya Kipali, lugha ya kale ya India. Mtu mmoja wa kabila la Wakoliya, jina lake Dighajanu, alimwendea Buddha akamwambia: sisi ni watu wa nyumbani, tunalala tumebanana na watoto, tunajipaka msandali, tunapokea dhahabu na fedha; tufundishe lenye kutufaa sisi. Buddha hakumfukuza. Alimtajia bidii katika kazi, kulinda mapato ya halali, kuwa na marafiki wema, na kutumia kwa kadiri ya kipato. Kisha akaongeza imani, maadili, ukarimu na hekima. Mambo manane, na hakuna hata moja linalotaja uketi dakika ngapi! Nilitamani kumtumia yule mwongozaji ukurasa mzima. Sikumtumia, na mpaka leo najivunia kutomtumia, jambo ambalo nadhani linaharibu sifa yenyewe.

Sikwambii uache kuketi. Mimi huketi kila alfajiri kabla nyumba haijaamka, na siku nisipoketi wenzangu wanajua. Ninachokataa ni hesabu hii ya kupima ufuasi kwa dakika. Katika mafundisho ya Satipatthana, yale ya kuwa makini na mwili na akili, Buddha anataja kutembea, kusimama, kuketi na kulala, halafu anaendelea: kula, kunywa, kutafuna, kwenda haja, kusema na kunyamaza. Kwenda haja kumo! Sasa wewe unayesema huna nafasi ya kutafakari, huna nafasi ya kwenda chooni?

Mwezi huu kazini nilibebeshwa lawama ya mwenzangu mbele ya kikao kizima. Niliuona moto ukitoka kifuani ukipanda shingoni. Nikaufuata tu, kama tulivyofundishwa kufuata hisia za mwili: hapa panachoma, hapa panabana. Ulipofika masikioni ukaanza kushuka. Sikujibu. Kesho yake nilimfuata mkubwa wangu ofisini kwake, tukiwa wawili, nikamweleza na karatasi mkononi. Akarekebisha. Ninawasimulia kwa sababu nimefurahi, naam, lakini pia kwa sababu hakuna mto wa kukalia uliohusika hapo.

Ndugu zangu, anzeni na ulimi. Buddha alitoa masharti matano ya neno jema: lisemwe kwa wakati wake, liwe la kweli, la upole, lenye manufaa, na litoke kwenye moyo wa wema. Kabla ya kumfokea mtoto, chukua sharti moja tu, la wakati. Karibu kila ukali wa asubuhi unaanguka hapo, kwa sababu hakuna anayefundishika huku akitafuta kiatu. Dakika zako za kuketi zisogeze ziishie mapema, ili usimame bila haraka. Haraka ndiyo inayofoka.

Na tukiwa kwenye ulimi, zile amri tano tunazozikariri sisi Wabuddha, ya nne inakataza uongo, na walimu wengi huingiza humo umbea na maneno ya kufitinisha. Hesabu makundi yaliyomo kwenye simu yako. Jitoe kwenye moja lililojaa umbea kabla hujanunua mto mwingine wa kutafakaria. Nilipojitoa kwenye langu waliniuliza kama nimeudhika nao. Nikawajibu hapana, na kwa sehemu kubwa ilikuwa kweli.