Maudhui ya dhuluma au dhamira ya dhuluma?

SWALI: Mwanangu amesoma Kenya hadi kidato cha pili, sasa yuko shuleni Arusha. Kwenye insha ya fasihi ameandika "maudhui ya dhuluma". Mwalimu kaikata "maudhui" kwa wino mwekundu, kaandika "dhamira". Nani kakosea?

JIBU: Hakuna aliyekosea, mama. Mtoto amevuka mpaka na istilahi za alikotoka.

Kenya, maudhui ni masuala yanayojadiliwa katika kazi: dhuluma, ufisadi, nafasi ya mwanamke. Dhamira ni lengo la mwandishi, yaani alichokusudia alipoandika. Tanzania, maudhui ni jumla ya yote yanayosemwa, na mwenzake ni fani, namna yanavyosemwa. Dhamira, migogoro, ujumbe, msimamo na falsafa vyote vimo ndani ya maudhui. Kwa hiyo dhuluma huitwa dhamira, iwe kuu au ndogo.

Chukua Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert iliyotoka 1951. Mhusika mkuu, Karama, anashtakiwa kwa kutaka kufundisha uanasheria. Akijitetea, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa nchi za jirani, wakarudi na mambo ya manufaa, wakaishia kifungoni. Mwanafunzi wa Nairobi ataandika: "Maudhui ya uongozi mbaya yanajitokeza pale wajumbe wanapofungwa." Wa Arusha ataandika sentensi hiyohiyo, ila ataanza na "Dhamira ya uongozi mbaya inajitokeza". Ushahidi ni uleule.

Ukiniuliza napenda ipi, kwa neno dhamira naegemea Kenya, kwa sababu hata nyumbani tunasema "nina dhamira ya kusoma", tukimaanisha nia. Lakini ile jozi ya fani na maudhui inavyotumika Tanzania inamsaidia sana anayeanza kuchambua, kwa kuwa kila anachokiona kitabuni kina pa kukaa.

Panapowaangusha wengi, pande zote mbili, ni ujumbe. Wanafunzi huandika "ujumbe wa riwaya ni dhuluma". Hapana. Dhuluma ni jambo tu, halijasema kitu. Ujumbe lazima uwe sentensi kamili, funzo ambalo msomaji anaweza kulikubali au kulipinga: "Nchi inayowafunga wanaoitakia mema hujinyima maendeleo yake yenyewe." Mwanao akiandika ujumbe wa neno moja, mwambie arudi aumalizie.

Mtihani wa Tanzania aufanye kwa istilahi za Tanzania. Asizichanganye katika insha moja, maana msahihishaji hatajua dhamira anayoitaja ni suala au ni lengo. Na popote atakapofanyia mtihani, aandike "maudhui haya", "maudhui yanajitokeza". "Maudhui hii" naiona mara nyingi mno, hata kwenye kazi za wanafunzi wa vyuo, na hiyo ni kosa Nairobi na Arusha pia.