Uzito, masi au tungamo? Na nusu ya klorini imetoka wapi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nimeanza kusoma kemia. Kitabu kimoja kinasema "uzito wa atomu ya klorini ni 35.5", kingine "masi ya atomu", cha tatu "tungamo la atomu". Halafu vyote vitatu vinasema namba ya masi ni jumla ya protoni na nyutroni. Sasa ile nusu ya nyutroni inakaa wapi? Tena mwenzangu akisoma "kaboni-14" kwa sauti, mimi nasikia atomu kumi na nne za kaboni. Tuseme vipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Naanza na swali la katikati, maana hapo hujakosea wewe, iliyokosea ni sentensi uliyopewa.

Nusu ya nyutroni haipo. Lakini ulikuwa na haki ya kuitafuta. Neno "atomu" halibadiliki umbo, iwe moja au milioni. Kinachotujulisha idadi ni upatanisho. "Atomu ya klorini" ni moja, "atomu za klorini" ni nyingi. Kitabu kimeandika "ya", nawe ukafanya kile ambacho msomaji yeyote wa Kiswahili angefanya: ukaiona atomu moja mbele yako, ukaambiwa ina 35.5, ukaanza kuhesabu vilivyomo. Hakuna atomu hata moja ya klorini yenye 35.5. Kosa zima limejificha kwenye herufi mbili.

Hali halisi ni hii. Kila atomu ya klorini ina protoni 17. Ikiwa na 16 au 18 si klorini tena. Nyutroni ndizo zinazotofautiana. Atomu nyingi zina nyutroni 18, nyingine zina 20. Jumlisha: za kwanza zina namba ya masi 35, za pili 37. Aina hizi za atomu za elementi moja, zenye protoni sawa na nyutroni tofauti, huitwa isotopu. Ukichota klorini ya kawaida, kwa makadirio utakuta katika kila atomu nne, tatu ni za 35 na moja ni ya 37. Tatu mara 35 ni 105, ongeza 37 upate 142, gawanya kwa nne: 35.5. Hiyo ndiyo nusu yako. Haikai ndani ya atomu yoyote. Imezaliwa kwenye kugawanya.

Anayefahamu ushairi wa Kiswahili atalishika jambo hili upesi. Mshororo wenye mizani 16 una mizani 16, hauwezi kuwa na 15 na nusu, kwa sababu mizani ni hesabu ya silabi, na silabi haikatwi. Lakini chukua beti zenye mishororo mirefu na mifupi, utafute wastani wa mizani kwa kila mshororo, na desimali itajitokeza bila kumshangaza mtu. Namba ya masi ni hesabu ya namna hiyo ya kwanza. Ile 35.5 ni ya namna ya pili.

Kwa hiyo tuna vitu vitatu, na kila kimoja kinadai sentensi yake. "Namba ya masi ya isotopu hii ni 35": hapo umehesabu chembe za kwenye kiini, yaani protoni na nyutroni. "Masi ya atomu moja ya klorini-35 ni 34.97": hapo umepima, na kipimo kimepungua kidogo chini ya 35, kwa kuwa chembe zinapofungamana kwenye kiini sehemu ndogo ya masi yake huondoka kama nishati. "Masi atomia ya klorini ni 35.45": hapo umetafuta wastani wa elementi nzima, na hiyo ndiyo tarakimu iliyochapwa kwenye jedwali la elementi, ambayo vitabu vya wanaoanza huikadiria kuwa 35.5. Angalia sentensi ya tatu: haina neno "atomu" peke yake. "Atomia" ni kivumishi, kinaeleza ni masi ya aina gani, hakikuonyeshi atomu fulani. Ndiyo sababu naipenda "masi atomia" kuliko "masi ya atomu". Ukiona "masi ya atomu" kitabuni, ongeza kichwani mwako "kwa wastani", utakuwa salama.

Nalo neno "wastani" lina mtego wake. Nimeona wanafunzi wakichukua 35 na 37, wakajumlisha, wakagawa kwa mbili, wakaandika 36. Wamelifuata neno lilivyo, maana wastani kwa mazoea ni katikati, na katikati ya 35 na 37 ni 36 kweli. Kemia haitaki katikati ya namba, inataka wastani uliozingatia wingi wa kila isotopu. Namba iliyo na atomu nyingi huvuta zaidi, ndiyo maana jibu limeegemea upande wa 35. Fafanuo linaloishia "ni wastani wa masi za isotopu" limeacha jambo lenyewe nje. Malizia: "kwa kuzingatia wingi wa kila moja."

Tena usione haya kwa kuuliza. Mwaka 1815 William Prout alipendekeza kwamba masi za atomu zote ni mafungu kamili ya masi ya hidrojeni, yaani namba nzima tupu. Klorini ndiyo iliyokuwa ikimkatalia, kwa nusu hiyohiyo inayokusumbua. Wanakemia walibaki na kitendawili hicho zaidi ya miaka 100, hadi Francis Aston alipotengeneza chombo cha kupambanua atomu kwa masi zake, akaonyesha kwamba klorini ni mchanganyiko wa 35 na 37.

Neno "isotopu" lilikuwa limeshapatikana kabla ya hapo. Frederick Soddy alilitumia mwaka 1913, nalo alipewa na Margaret Todd, daktari na mwandishi wa Uskoti, kutokana na Kigiriki: isos, sawa, na topos, mahali. Atomu zinazokaa mahali pamoja kwenye jedwali. Kiswahili kimelipokea na kulitia irabu mwishoni. Utakuta "isotopu" na "isotopi", mimi naandika isotopu, na yote mawili yako ngeli ya I-ZI: isotopu hii, isotopu hizi.

Hapa nina ombi moja kwa wanaoandika mafafanuo. Msiseme "isotopu ni atomu iliyoongezewa nyutroni". Sentensi hiyo inamfanya mwanafunzi aamini kwamba klorini-35 ndiyo klorini yenyewe, na klorini-37 ndiyo isotopu. Isotopu ni neno la uhusiano, kama pacha. Kurwa ni pacha na Doto ni pacha. Huwezi kusema Kurwa ni mtoto wa kawaida na Doto ndiye pacha. Klorini-35 ni isotopu ya klorini, klorini-37 ni isotopu ya klorini, na hakuna klorini ya tatu iliyo "ya kawaida" nyuma yao.

Sasa uzito, masi na tungamo. Katika mazungumzo "uzito" halina ubaya wowote, na hakuna atakayekusahihisha ukisema gunia lina uzito wa kilo hamsini. Katika sayansi uzito ni nguvu ya mvutano inayokivuta kitu, kwa hiyo mwezini unapungua hadi karibu sehemu moja ya sita, ilhali kiasi cha maada hakijapungua hata chembe. Kiasi hicho ndicho masi, na ndicho tungamo. Maneno mawili, maana moja. Tungamo lina uzuri wa kuwa la nyumbani: linatoka kwenye kutungama, kama damu inavyotungama, maada iliyoshikamana ikawa kitu. Masi ni neno la mkopo, lakini ni fupi na linaungana vizuri na mengine: namba ya masi, masi atomia. Chagua moja, ukae nalo tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Kinachomchosha mwanafunzi ni mwandishi anayeanza na masi, akapita kwenye tungamo, akamalizia na uzito, naye msomaji adhani ameonyeshwa vitu vitatu.

Utakutana pia na "uzani atomia". Usilikimbie. Muungano wa kimataifa wa kemia, IUPAC, nao hadi leo unatumia istilahi yenye maana ya uzani kwa tarakimu hiyo, kwa sababu ya historia, na kila mwanakemia anajua kinachokusudiwa ni wastani wa masi. Vilevile "masi linganishi" huandikwa bila kipimo mbele yake, kwa kuwa ni ulinganisho na sehemu moja ya 12 ya masi ya atomu ya kaboni-12. Kaboni-12 ilikubaliwa mwaka 1961. Kabla yake kigezo kilikuwa oksijeni, ikapewa 16. Shida ni kwamba wanafizikia waliipa 16 isotopu ya oksijeni-16 peke yake, na wanakemia wakaupa 16 mchanganyiko wa asili wenye 16, 17 na 18. Neno moja, namba moja, mizani mbili. Tofauti ilikuwa ndogo sana, lakini ilitosha kuwalazimu wakae na kukubaliana upya.

Tumalize na kaboni-14. Sikio lako liko sawa kabisa. Katika Kiswahili namba inayofuata nomino huhesabu: kalamu tano, nyumba kumi. Kwenye ngeli nyingine kiambishi kingetusaidia, kama "vitabu kumi na vinne", lakini kaboni iko I-ZI, na "nne" pale haichukui kiambishi chochote. Kwa hiyo "kaboni kumi na nne" ya hesabu na ile ya jina zinasikika sawasawa. Katika maandishi tumia kistari kila mara, usikiache: kaboni-14, klorini-37, urani-235. Kwa mdomo, mara ya kwanza sema kwa kirefu, "isotopu ya kaboni yenye namba ya masi kumi na nne", kisha endelea na kaboni-14 kwa pumzi moja. Ukitaka kuhesabu, idadi iende kwa neno atomu: atomu sita za kaboni-14. Na hata kama alama yake imeandikwa namba ikitangulia, ¹⁴C, usisome "kumi na nne kaboni"; jina la elementi linatangulia.

Mwambie mwenzako aseme "atomu ya kaboni-14", kwa "ya". Utaisikia moja tu, yenye protoni 6 na nyutroni 8.