Pepa yangu ya Kilwa si watanicheka?

SWALI: Shikamoo anko. Nasoma masta ya historia, msimamizi wangu kasema nitume pepa kwenye mkutano wa mwaka wa ASECS, chama cha wasomi wanaochunguza karne ya 18 kule Marekani. Sasa mi naandika kuhusu Kilwa, na wale si mambo yao ni Voltaire, yule mwanafalsafa Mfaransa, na mawigi tu? (Mwanafunzi, Dar)

JIBU: Marahaba mwanangu. Mawigi yapo sikatai, ila chama kipo tangu 1969 na wamo watu wa historia, fasihi, muziki, falsafa, kila mtu na lake. Na we una kitu kizito mkononi! Mwaka 1776 Mfaransa anaitwa Morice aliandikiana mkataba na sultani wa Kilwa apewe watumwa 1,000 kila mwaka, wapelekwe visiwa vya Wafaransa huku huku Bahari ya Hindi, yaani wakati Paris wanabishana kuhusu uhuru wa binadamu, watu wetu wanapakiwa merikebuni. Hiyo ndo karne ya 18 yenyewe, sio pembeni yake. Ukitaka kuongezea utamu, Utendi wa Tambuka, ule utenzi wa vita kutoka kisiwa cha Pate, ni wa 1728, wengi kule hawaujui kabisa.

Ikisiri (muhtasari wa pepa) andika fupi, mkataba uanze sentensi ya kwanza, usianze na jiografia ya pwani tafadhali. Ukikubaliwa lazima ujiunge uanachama ndo usome pepa, na mkutano huwa Machi au Aprili kwa hiyo mambo ya viza anza mapema mno.