Fensi ya mashine ya kupasulia: kuungua kwa mbao na kupishana kwa upana ni matatizo mawili tofauti

Mkuu uliyeko Mwanga, Kigoma, nimesoma swali lako na majibu ya wadau yote. Umesema umenunua mashine ya kupasulia ya mtumba, ile ya fremu ya engo na bamba la chuma juu, unapasua viunzi vya mizinga ya nyuki, vile vibao vya juu ambavyo nyuki wananing'iniza masega. Unalalamika mambo mawili: ubavu mmoja unatoka mweusi umeungua, na kiunzi kinaanza na milimita 32 kinaishia na 31 na pointi. Fensi, yaani kile chuma cha pembeni ubao unachoegemea ukipasuliwa, umeipima kwa futi mbele na nyuma ukaona iko sawa. Karibu kila aliyejibu amekuambia fensi imekaa upande, igonge nyundo irudi. Naomba usigonge chochote kwanza.

Mimi niko Tabora, karakana iko Ng'ambo, na kazi inayonilisha ni hiyo hiyo ya mizinga, milango na madirisha nikifanya kwa oda. Ninachotaka kukuambia ni kwamba umechanganya magonjwa mawili. Fensi isiyo sambamba na bledi, yaani msumeno wa duara, inachoma mbao na inaweza kukurushia ubao tumboni. Lakini yenyewe peke yake haifanyi kipande kiwe chembamba upande mmoja. Fikiria: bledi haitembei, fensi ikifungwa haitembei. Ubao ukiwa na ubavu ulionyooka na ukabaki umeegemea fensi mwanzo hadi mwisho, umbali kati ya fensi na jino lililo karibu nayo ni ule ule safari nzima. Kiunzi kitatoka kimeungua, kimekwaruzwa, lakini upana utakuwa mmoja. Ukiona upana unapishana, ujue kuna kitu kinatembea ambacho hakikutakiwa kutembea, au ubavu wa ubao wako haujanyooka.

Na upande wa kosa unakuambia mengi. Kipande kilicho kati ya fensi na bledi kikiwa kipana zaidi mwishoni, fensi inasukumwa nje, mkia wake, yaani mwisho wa nyuma, ni legelege. Kikiwa chembamba mwishoni, kama chako, basi ubao unaiacha fensi kabla haujamaliza kupita. Kwa hiyo kwako nashuku zaidi mkono na ubavu wa ubao kuliko fensi.

Kwa mwenye kutengeneza meza, milimita moja anaifukia kwa msasa. Kwa mizinga haifukiki. Nyuki wetu wanajenga masega kwa nafasi ya takriban milimita 32 kutoka katikati ya sega hadi katikati ya sega jingine, ndiyo maana viunzi vinapasuliwa kwa upana huo. Mzinga wa viunzi 27 unataka milimita 864. Kila kiunzi kikizidi milimita 1, umezidisha 27, karibu kiunzi kizima hakina pa kukaa. Vikipungua, unabaki na mianya juu na masega yanaanza kuhama mstari mpaka sega moja linashika viunzi viwili, na hapo mfugaji akija kurina anavunja kila kitu. Mizinga ya Langstroth, ile ya masanduku yenye fremu, ndiyo mikali zaidi: nafasi ya nyuki kupita ni milimita 6 hadi 9. Chini ya hapo wanaziba kwa gundi yao, juu ya hapo wanajenga sega la ziada. Wafugaji wa Sikonge waliozoea kazi nzuri wakija kuchukua mzigo wanakuja na kiunzi chao cha kupimia mfukoni, hawasikilizi maelezo.

Sasa kupima. Chomoa plagi, au kama ni fezi tatu shusha swichi kuu na uondoe fyuzi. Usipime kwa sababu tu umeme umekatika. Mashine nyingi za aina yako zina swichi ya kawaida isiyojizima, umeme ukirudi bledi inaanza kuzunguka yenyewe na wewe vidole viko pale.

Futi iache pembeni. Kile kidole cha mwanzo wa futi kimetengenezwa kicheze, kiasi cha unene wake chenyewe, ili kipime sawa kwa kuvuta na kwa kusukuma. Hapa tunatafuta sehemu ya kumi ya milimita, futi haiwezi kuiona. Unachohitaji ni kipande cha mbao kavu, penseli, na karatasi kadhaa za fotokopi. Karatasi moja ya kawaida ya fotokopi ina unene wa takriban milimita 0.1, na hiyo ndiyo geji ya bei nafuu kuliko zote. Fundi gari akikuazima fila geji yake, vile vibamba vyembamba vya kupimia mianya, vizuri zaidi.

Nyanyua bledi juu mwisho, au kama meza ndiyo inayopanda na kushuka, ishushe mwisho. Chagua jino moja lililolalia upande wa fensi, maana meno yanapishana kulia na kushoto, na ulitie alama kwa chaki au kalamu. Lizungushe lije mbele, usawa wa meza. Funga fensi kama unavyoifunga siku zote, halafu chonga kile kipande cha mbao mpaka kiingie kati ya fensi na lile jino kwa kugusa tu, bila kulazimisha. Ukikivuta taratibu usikie kinakwaruza jino, lakini bledi isitikisike. Kisha zungusha bledi, jino lile lile liende nyuma usawa wa meza, na ujaribu kipande kile kile pale nyuma. Kutumia jino moja ndiyo siri yenyewe. Ukipima jino la mbele na jino jingine la nyuma, utakuwa unapima hata kupinda kwa bledi na utaitupia fensi lawama isiyo yake.

Kipande kikikataa kuingia nyuma, fensi imebana nyuma. Hiyo ndiyo hatari. Meno ya nyuma yanapanda juu kutoka mezani, ubao ukibanwa pale unanyanyuliwa na kurushwa kuelekea kwako, na kabla haujarushwa unaungua ule ubavu wa kiunzi kilicho upande wa fensi. Kikiingia kwa kulegea, ongeza karatasi mpaka kigande kama kilivyoganda mbele, uhesabu. Karatasi moja niachie, mimi hata huipenda. Mbili tatu na kuendelea ni nyingi: ubao unavutwa kuiacha fensi na meno ya nyuma yanachoma ule ubao mkubwa upande wa pili. Kuna mafundi wanataka sifuri kamili, kuna wanaofungua nyuma makusudi. Tusibishane sana hapo, ila usikubali hata nusu karatasi ya kubana nyuma.

Hukutuambia ni ubavu upi unaoungua. Kama ni wa kiunzi, fensi imebana nyuma. Kama ni wa ubao unaobaki upande wa pili, fensi imefunguka mno, au ubao wenyewe unajifunga baada ya kupasuliwa. Kwa kuwa kiunzi chako kinapungua mwishoni, naweka dau kwenye ubavu wa pili.

Kabla ya kurekebisha, shika kipande chako palepale mbele na uzungushe bledi polepole, kila jino la upande ule lipite. Yakigusa mengine na mengine yasiguse, bledi inacheza. Fungua, safisha zile sahani mbili zinazoibana, utomvu na vumbi huganda pale. Ikiendelea, bledi imepinda au shafti, ule mhimili unaozungusha bledi, imepinda, na hapo fensi haina la kukusaidia.

Kuhusu nini kisogezwe: mashine zenye mtaro mezani wa kuteleza kile kifaa cha kukatia pembe, bledi lazima ilingane na mtaro kwanza, ndipo fensi ifuate mtaro. Yako kwa maelezo yako haina mtaro, kwa hiyo sogeza kilicho rahisi, yaani fensi. Kama ina boliti mbili au tatu kwenye kichwa chake, legeza, weka karatasi nyuma, ilingane, kaza. Kama imechomelewa moja kwa moja, na nyingi za kienyeji zimechomelewa, basi ni beringi. Shafti yako imekaa kwenye beringi mbili za kufungwa kwa boliti kwenye fremu, na matundu yake huwa marefu kidogo kuruhusu kusogea. Acha moja imebana kiasi, legeza nyingine, gonga kwa nyundo ya mbao kidogo kidogo huku ukipima. Ukimaliza angalia puli ya shafti na ya mota bado ziko mstari mmoja, maana ukigeuza shafti umegeuza na puli, na mkanda utaanza kuliwa upande.

Baada ya hapo fensi yenyewe: imenyooka? Fensi nyingi za hapa ni engo au bomba la mraba lililonunuliwa kama lilivyo, na moto wa kuchomelea unavuta chuma. Tafuta ukingo ulionyooka, kwa mfano bomba la alumini la madirisha. Nao uhakikishe kwanza: piga mstari kwa penseli iliyochongwa vizuri, geuza bomba upande wa pili wa mstari ule ule, piga tena. Mistari ikilaliana, bomba limenyooka. Kisha liegemeze kwenye fensi, weka tochi ya simu nyuma, uone mwanga unapita wapi. Fensi yenye tumbo au shimo inaweza kweli kukupa upana unaopishana, kwa sababu ubao unabadilisha mahali unapoegemea kadiri unavyosogea. Dawa rahisi ni kuivalisha ubao wa mninga ulionyooshwa kwa randa, ukaufunga kwa skrubu na kuweka vipande vya karatasi nyuma yake pale penye shimo. Mninga kwa sababu hautembei sana kwa unyevu, paini masika itakusaliti.

Na ukivalisha ubao huo, kuna jambo nakushauri kwa mashine isiyo na kile kisu cha nyuma ya bledi cha kuzuia mbao isijifunge: ubao wa fensi uishie usawa wa katikati ya bledi, usiende mpaka nyuma. Ulaya ni desturi ya siku nyingi kwenye kupasua mbao nzima. Ubao ukishapita meno ya mbele umeshakatwa, hauhitaji tena kuongozwa, unahitaji nafasi ya kutanuka.

Uimara wa fensi upime kwa dole gumba. Ifunge, weka kile kipande na karatasi kwa nyuma, halafu sukuma mkia wa fensi kwa nguvu ile ile unayotumia kazini. Karatasi ikidondoka, mkia unacheza. Weka kibano nyuma, lakini kaza cha mbele kwanza ndipo cha nyuma. Ukianza na cha nyuma unaifungia fensi kwenye upotofu wake. Ifungue na kuifunga tena mara kadhaa bila kubadilisha kipimo, uone kama inarudi palepale. Isiporudi, safisha reli ambayo fensi inatelezea. Kuna wanaopaka reli na meza nta ya nyuki kwa kuwa hapa Tabora imejaa. Inanata na kukusanya vumbi, mshumaa wa kawaida unateleza vizuri zaidi.

Skwea isimamishe pia kati ya meza na fensi, na kati ya meza na bledi. Fensi iliyolala inatoa kiunzi kisicho na kona ya mraba, ukivipanga unaona vimegusana juu na chini kuna mwanya.

Turudi kwenye kupungua kwako mwishoni. Mbao zetu nyingi zinatoka porini zimepasuliwa kwa chenso, ubavu unapinda hata kama jicho linasema umenyooka. Huo ubavu unaoegemea fensi lazima upite kwenye randa kwanza, hakuna njia ya mkato. Halafu mkono: shinikizo la kuelekea fensi liwe kabla ya bledi tu, usisukume ubao kwa pembeni ukiwa umefika usawa wa bledi wala ukiwa umeipita. Mafundi wengi mwisho wa ubao wanasukuma kutoka kona ya nje, ubao unageuka kidogo, mkia unaiacha fensi, na hiyo ndiyo pointi kadhaa unazopoteza. Tumia fimbo ya kusukumia, katikati ya kiunzi, na kabla ya bledi funga kibao kilichochanwa vidole kama kitana kiukandamize ubao kwenye fensi badala ya mkono wako.

Jaribio la mwisho lifanye kwa mbao kavu, iliyonyooka, urefu kama wa viunzi vyako mara mbili. Mbao mbichi au yenye mvutano ndani, mkaratusi hasa, itapinda ikitoka kwenye bledi na utadhani kazi yako yote ni bure. Pima kwa venia, kile kipimo cha taya mbili, mwanzo, kati na mwisho. Ikipishana chini ya milimita 0.2, anza uzalishaji. Rula iliyobandikwa kwenye reli uisahihishe sasa, kwa kipande ulichopasua, na uisahihishe tena kila ukibadilisha bledi kwa sababu unene wa meno haufanani.

Ukishahesabu karatasi zako, leta idadi hapa, sema ni ubavu upi unaoungua, na upige picha ya pale fensi inapofungwa mbele tuone kama ni boliti au imechomelewa.