Maswali ya Wafugaji: Banda la kuku 24, pesa iende wapi?

SWALI: Nina kuku wa kienyeji 24, nipo Kibaha. Fundi amenipigia hesabu ya laki tisa kwa banda la tofali za saruji hadi juu. Mimi nina laki nne na nusu. Nipunguze ukubwa?

JIBU: Ukubwa usiuguse. Kuku 24 wanataka mita 3 kwa 2. Ukiwabana watadonoana, na hewa nzito ya kinyesi itawaletea mafua. Kinachopandisha hesabu ni kuta: kwa banda hilo ni tofali zisizopungua 150, bado saruji ya kujengea. Joto la Pwani halihitaji kuta hizo.

Weka nguzo 6. Tatu za mbele ziwe na urefu wa mita 2.7, tatu za nyuma mita 2.3, zote zifukiwe sentimita 60 baada ya kupakwa oili chafu sehemu ya chini, la sivyo mchwa watazimaliza. Kuta ziwe za mabanzi. Pande fupi zizibe kabisa. Pande ndefu acha nafasi ya wavu ya sentimita 90, kuanzia sentimita 80 kutoka chini. Pande fupi zielekee mashariki na magharibi ili jua lisiingie ndani.

Wavu ni mita 7, na hapa usibane pesa. Chagua wenye matundu ya nusu inchi; ule wa matundu makubwa humzuia kuku kutoka tu, panya na nyoka wanapita. Kingo zake zibanwe kwa vipande vya mbao, maana misumari iliyokunjwa peke yake kicheche huing'oa.

Paani: bati 5 za mita 3, mbao 3 za inchi 2x4 za kenchi (zinazobeba paa), 4 za inchi 2x2 za papi (zinazopigiliwa bati), zote futi 12. Bati zilizotumika zinafaa. Ziinue juani kwanza uone matundu. Sakafu: saruji mifuko 2, mchanga ndoo 12, kokoto ndoo 16, unene sentimita 5. Wengi huiruka sakafu, kisha panya wanachimba na vifaranga vinapotea usiku.

Vichanja 3 vya fito vya kulalia kuku na viota 5 vya sentimita 30 kila upande vitengeneze kwa mabaki. Orodha hii ipeleke maduka mawili au matatu kabla ya kumwita fundi, umlipe ufundi peke yake.

SWALI: Makuti badala ya bati je?

JIBU: Yana ubaridi mzuri, lakini utitiri na nyoka hujificha humo, na yakianza kuvuja matandiko yanaloa. Ezeka bati, kisha tandaza makuti juu yake na uyafunge kwa waya.